Hatua mbili kutoka kwenye gunia

Mwaka 2011 nilikuwa mwanachuo wa ualimu ngazi ya cheti, nikapangiwa BTP kwenye shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Tanga. BTP ni yale mazoezi ya kufundisha ambayo chuo kinakutupa shuleni wiki kadhaa ukiwa na shati jipya, andalio la somo lililopigwa mistari kwa kalamu nyekundu, na nauli isiyotosha. Wenzangu waliwahi, wakajigawia Hisabati na Kiswahili. Mimi basi lilinilaza njiani, nikafika siku ya pili, nikakuta kilichobaki ni Haiba na Michezo darasa la sita na la saba. Mwalimu wa taaluma alinikabidhi filimbi isiyo na kamba, akanipima kwa macho toka juu mpaka chini, akasema, "Wewe kijana mwili unao. Nenda kawachezeshe."

Kuwachezesha. Ndivyo somo lile lilivyochukuliwa karibu kila shule niliyopita: mpira unatupwa kiwanjani, wavulana wanaufuata wote kama nyuki, wasichana wanajipangia rede yao pembeni, mwalimu yuko kivulini na rundo la madaftari ya somo lingine. Sikutaka kuwa mwalimu wa namna hiyo. Chuoni tulikuwa tumesoma jimnastiki, nami nilikuwa nimeipenda hasa, kwa hiyo wiki ya kwanza tu nikawaomba watoto walete magunia ya katani. Yalipatikana sita. Tukayajaza usumba, tukayashona midomo kwa kamba, tukayapanga chini ya mwembe mkubwa nyuma ya madarasa. Hayo ndiyo yalikuwa magodoro yetu.

Chuoni tulifundishwa kumkinga mtu anayejifunza kusimama kwa mikono. Usikae mbele yake, atakupiga teke la uso, kaa ubavuni. Anaporusha miguu juu, mkono mmoja unamdaka paja, mwingine unashika nyonga, unamnyoosha mpaka apate mizani. Tulifanyiana wenyewe kwa wenyewe, watu wazima na trakisuti zetu, tukicheka. Mkufunzi akipita anasema, "Shikaneni vizuri, msiogopane." Basi, mada imeisha. Hakuna aliyetuuliza mambo yatakuwaje ukimshika mtoto wa miaka 13 ambaye amekujua tangu Jumatatu.

Kipindi chetu cha tatu kilikuwa cha kusimama kwa mikono. Wasichana walivaa suruali ndani ya sketi, na wengi mitandio yao walikuwa wameifunga nyuma ya shingo. Akaja binti mmoja mrefu, mkimya, ambaye mpaka siku hiyo sikuwa nimeisikia sauti yake. Akaweka viganja kwenye gunia, akarusha miguu, ikafika nusu ya njia, kiuno kikalegea. Nikamdaka kama nilivyofundishwa, mkono mmoja pajani, mwingine kiunoni, nikamnyoosha. Alikaa juu sekunde mbili, labda tatu. Nyayo zake zilikuwa zimejaa vumbi jekundu, nazikumbuka kwa sababu zilikuwa usawa wa pua yangu na mimi nilikuwa nimefurahi, nikidhani hii ndiyo kazi niliyoisomea.

Darasa zima likalia "Uuuwii!" Mvulana mmoja nyuma akapiga mbinja. Binti akashuka, hakunitazama, akaenda kukaa kwenye mzizi wa mwembe akaivuta sketi mpaka ikafunika vidole vya miguu. Hakuinuka mpaka kengele ilipogongwa. Jioni, kwenye sehemu ya tathmini ya andalio langu, niliandika: "Somo limeeleweka, wanafunzi wengi wameweza."

Kesho yake saa nne niliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilimkuta bibi mmoja amekaa kwenye kiti cha wageni, kanga mbili, ndala kazivua mlangoni. Pembeni alikuwa amesimama mwalimu mwenyeji wangu, mama wa umri wa hamsini hivi, ambaye ndiye alikuwa mwenye somo kabla sijaja. Nikamwamkia bibi, akaitikia marahaba ndefu isiyo na hasira.

"Mwalimu mwanangu," akasema, "mimi sikuja kwa ugomvi. Mjukuu wangu tangu jana hali. Kaniambia mwalimu mgeni kamshika kiuno mbele za watu. Nimekuja kuuliza, mkono wako ulifuata nini?"

Nikaanza kueleza. Nilisema habari za mizani, uzito wa mwili, uti wa mgongo, usalama wa shingo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu mwenye la kuficha. Mwalimu mwenyeji akanionea huruma, akasema, "Muonyeshe bibi." Ofisini hapakuwa na cha kuonyeshea isipokuwa fagio la chelewa nyuma ya mlango. Nikalichukua, nikaligeuza kichwa chini, nikaonyesha: hapa ni paja, hapa ni nyonga, mkono wangu unakaa hivi. Bibi akatazama mpaka mwisho.

"Fagio halina haya, mwanangu," akasema. "Huyu kavunja ungo mwaka huu. Somo yake kamfunza kwamba mkono wa mwanamume usimfike. Wewe umemfika, na hukusema neno. Yeye atajuaje kuwa mkono wako ni wa masomo?"

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa yule mtoto alikuwa na somo yake, yaani kungwi wake, kabla ya somo langu, tena somo yake alikuwa amemfundisha vizuri kuliko mimi. Alifanya kile alichoambiwa afanye: aliguswa bila kujua kwa nini, akaenda nyumbani akasema. Leo watoto wangu mwenyewe nawaomba wafanye hivyo hivyo. Siku ile nilimwona mchongezi.

Bibi aliondoka kwa amani. Mwalimu mkuu ndiye aliyebaki na mimi, na kauli yake ilikuwa fupi: kuanzia leo, usimguse mtoto. Walimu wa kiume ofisini walinipokea kwa utani wa "mvua thelathini", yaani miaka ile ya jela ambayo sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 imeifanya ijulikane mpaka vijiweni. Walikuwa wakicheka, lakini usiku sikulala. Nikiyakumbuka mawazo ya usiku ule naona aibu: nilifikiria chuo, cheti, mama yangu aliyeuza mbuzi wawili nipate ada. Yule binti aliyekuwa amekaa kwenye mzizi hakuwemo hata mara moja.

Kwa hiyo nikaanza kufundisha mikono ikiwa nyuma, kama mgeni rasmi anayekagua gwaride. Nilipiga filimbi, nilieleza kwa mdomo, nilichora vijiti vya watu ubaoni. Nilijiwekea mpaka: hatua mbili kutoka kwenye gunia. Wasichana hawakusimama tena kwa mikono, niliwahamishia kwenye kuruka kamba, na wala sikuwaambia sababu. Wavulana waliendelea.

Wiki mbili baadaye kijana mmoja wa darasa la sita, mdogo wa umbo na mwenye pupa ya kila kitu, alirusha miguu kwa nguvu kuliko wenzake wote. Miguu ikapita juu, ikavuka kichwa. Niliona mkono wake wa kushoto ukikunja kiwiko. Jambo hilo huchukua muda mrefu kuliko mtu anavyodhani. Nilipata nafasi ya kuona kiwiko, kuona bega likishuka, kujua kwamba gunia limeishia pale na mbele yake ni mzizi. Mikono yangu ilikuwa mgongoni, imeshikana yenyewe. Haikutoka.

Aliangukia bega. Mlio ulikuwa mdogo, kama mtu amevunja kijiti cha mhogo mkavu.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kichekesho. Nilimfungua vifungo vya shati nitazame bega. Nilimbeba kifuani mpaka barabarani, kichwa chake kimelala shingoni mwangu, machozi na kamasi vyote vinaniingia kwenye kola. Kwenye bajaji nilimpakata mpaka hospitali ya Bombo. Watu wote waliniona na hakuna aliyeguna. Mkono ule ule uliokatazwa kumzuia asianguke, ulikuwa umepewa ruhusa zote baada ya kuanguka. Picha ikaonyesha mtulinga umevunjika. Wakamfunga bandeji mkono ukae kifuani, wakasema mtoto mfupa wake unaunga haraka, na kweli uliunga.

Baba yake alikuja jioni akitoka pwani, suruali imekunjwa magotini, ana magamba ya samaki kwenye mikono. Hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, kwani ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale," nikamjibu.

Akanitazama, akatikisa kichwa polepole, akamshika mwanawe mkono mzima, wakaenda.

Nilitaka kuacha jimnastiki kabisa. Mwalimu mwenyeji alikuja na maoni mengine, na kabla ya kuyaeleza niseme kitu nilichokigundua katika siku hizo nikipekua makaratasi nijue kosa langu liko wapi. Kanuni za viboko nilizikuta. Fimbo iwe nyepesi, ipigwe kiganjani au makalioni juu ya nguo, isizidi viboko vinne kwa kanuni za mwaka 2002, mkuu wa shule ndiye apige au ampe mwalimu idhini kwa maandishi, ipigwe na kuandikwa kitabuni, na msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Yaani palikuwa na maelezo kamili ya wapi fimbo imguse mtoto na mara ngapi. Kuhusu mkono unaomzuia asivunje shingo, katika kila nilichopewa mimi kutoka chuoni na pale shuleni, hapakuwa na hata mstari mmoja.

Basi yule mama. Kipindi kilichofuata alikuja kiwanjani na kanga moja begani. Akaikunja kwa urefu ikawa mkanda mpana, akamwita msichana kiranja, akamzungushia kiunoni mwenyewe, akaacha ncha mbili zitokeze. "Haya," akaniambia, "ng'ang'ania huku." Kiranja akarusha miguu. Kiuno kilipolegea nilivuta ncha, akanyooka. Sikuwa nimegusa kitu zaidi ya kanga. Watoto walishangilia kwa namna nyingine kabisa na ile ya "uuuwii". Kanga ikashuka kidogo, ikapandishwa, ikakazwa kwa fundo. Haikuwa kifaa kamili, ila ilinirudisha karibu na gunia.

Jambo lake la pili lilikuwa jani. Kwa wale wa kupinduka mbele, alimpa kila mtoto jani la mwembe alibane kati ya kidevu na kifua. Ukipinduka na jani halijadondoka, maana yake kidevu kilikaa kifuani na uzito ulipita mabegani, haukukaa kichwani. Likidondoka, rudia ukiwa umechuchumaa. Mimi chuoni nilifundishwa kumshika mtoto kisogoni nimwinamishe kichwa. Jani lilifanya kazi hiyo bila mkono wangu, tena kwa watoto arobaini na kitu kwa mara moja, wakati mkono wangu ungefanya kwa mmoja mmoja mpaka dakika 40 zikaisha. Nilijiona mjinga kidogo. Sehemu kubwa ya kushika nilikofundishwa ilikuwa ni kufidia mazoezi ya hatua ndogo ndogo tuliyoyaruka.

Lakini si yote. Mtoto anayesimama kwa mikono mara ya kwanza anahitaji mtu, mwishowe. Mama akasema, "Mkono wako ukija, ubishe hodi kama mtu yeyote aendaye kwa watu." Nikalichukua neno lile nikalitumia vile vile lilivyo. Kabla ya kumsogelea mtoto nasema mkono utakwenda wapi, "paja la kulia, juu ya goti," halafu nabisha hodi. Akisema karibu, namkinga.

Siku ya kwanza niliona nimepata dawa. Siku ya pili nikasikia kinachosemwa. Nikisema hodi, wote wanajibu kwa pamoja, "KARIBU MWALIMU!", kwa ile sauti ya kuimba wanayoamkia nayo asubuhi mwalimu akiingia darasani. Nani shuleni pale angeweza kuniambia subiri nje? Mimi ndiye mwenye filimbi. Tena, nisijifiche, mimi ndiye niliyekuwa na fimbo. Kanuni zinasema aliyepewa idhini kwa maandishi. Mimi mwanachuo sikupewa karatasi na mtu, na nilichapa, kwa sababu nilikuta inachapwa na sikutaka kuonekana dhaifu mbele ya darasa la saba.

Jibu la fimbo ile nililiona kwenye shingo ya mtoto. Kijana wa nyuma, yule aliyepiga mbinja siku ya binti, alikuwa anajifunza kupinduka na jani lake halikai. Nikachuchumaa kando yake, nikabisha hodi, akasema karibu. Nilipopeleka kiganja kuelekea kisogo chake, shingo ilizama mabegani, macho yakafumba, bega moja likapanda kukinga sikio. Ilikuwa nukta tu. Kisha akakaa sawa kama hakuna lililotokea. Mdomo ulikuwa umeshasema karibu. Wiki iliyopita mkono uliokwenda upande ule ulikuwa umekwenda kumpiga kofi, na ulikuwa wangu.

Ningependa kusema niliacha fimbo siku hiyo hiyo. Sikuacha. Niliacha kuja nayo kiwanjani kwanza, ikabaki ofisini, na ilinichukua miaka kuiacha kabisa. Oktoba 2016, ile video ya walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi wa sekondari kule Mbeya ilipozunguka nchi nzima, wenzangu ofisini walisema hawa ni wanyama. Mimi nilinyamaza. Sikuwa nimefika huko hata karibu, lakini nilijua njia inayoelekea huko inaanzia wapi, maana mwanzoni mwake niliwahi kupita.

Kwa ajili ya ile "karibu" ya kuimba, tulibadilisha mpango. Tulichora kwa chokaa mistari mitatu. Mmoja ulielekea ukuta wa darasa la nne: hapo mtoto anarusha miguu akiegemea ukuta, mwenzake kasimama ubavuni. Wa pili ulikuwa wa kanga. Wa tatu ulikuwa wa mkono wa mwalimu. Nikisema tu "jipangeni", kila mtu anakwenda anakotaka, hakuna anayeulizwa, na kila kipindi unaweza kuhama. Niliambiwa mengi na miguu yao kuliko nilivyowahi kuambiwa na midomo. Mstari wa kanga ulijaa, wavulana kwa wasichana. Nilidhani wavulana hawana neno na mkono wangu; kumbe wakubwa karibu wote waliukwepa, na mmoja wao, kijana jabali wa kucheza namba tano, hata ukutani alichagua mwenzake kwa uangalifu sana, kila siku yule yule. Sikumuuliza kisa chake. Nilimwambia mwalimu mwenyeji, yeye akajua pa kulipeleka.

Binti wa bibi alirudi kwenye magunia wiki ya tano. Alikwenda mstari wa ukuta na rafiki yake, na hakuhama huko mpaka naondoka. Ukutani hapo alijifunza kusimama kwa mikono vizuri kuliko mtoto yeyote niliyemshika mimi. Siku moja aliachia ukuta, akakaa juu peke yake, nami nikahesabu kwa sauti mpaka tisa.

Mkufunzi kutoka chuoni alikuja kunikagua wiki moja kabla ya mwisho. Alisoma andalio langu, akafika kwenye zana: magunia 6, chokaa, filimbi, majani ya mwembe, kanga 2. Akauliza kanga ni za nini. Nikamwonyesha. Akaandika kitu kwenye fomu yake, akanipa alama nzuri za ubunifu wa zana, akanikata kwa kutotumia ubao wa kutosha. Kuhusu mistari mitatu hakuuliza.

Nimeajiriwa, nimezunguka shule tatu, nimepeleka timu kwenye UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, ngazi ya mkoa. Kambini kuna mambo yake. Mtoto wa mbio ndefu anabanwa na msuli saa tatu usiku, na kocha wa kiume anajitolea kumchua na mafuta ya moto bwenini. Nia inaweza kuwa njema kabisa. Mimi nawafundisha mapema, kabla hatujapanda gari: ukibanwa, kaa chini, nyoosha goti, vuta vidole vya mguu vije kwako, hesabu thelathini. Mwenzako anaweza kukusukumia wayo. Wa kuchuliwa achuliwe uwanjani, mchana, matroni yupo. Na stoo ya vifaa siingii na mtoto mmoja. Wanaingia watatu kuchukua mipira mitano, wanagombana nani abebe, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa mimi ndiye mwalimu mwenyeji. Wanachuo wanakuja kwangu na filimbi zao mpya. Wapo wanaoshika kila mtoto kila mahali kwa moyo mweupe, kama nilivyokuwa. Wengi zaidi siku hizi wanakuja wameshaogopa kabla ya kosa, mikono kwenye mifuko ya trakisuti, wanafundisha kwa simu: "tazameni video hii, haya fanyeni." Hao wa pili ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hakuna bibi atakayekuja kuwauliza. Mtoto asiyeguswa hana la kwenda kusema nyumbani mpaka siku atakapovunjika. Nawapeleka kwenye gunia, nawaambia wasimame hatua mbili nyuma, halafu wasogee mpaka waweze kumdaka anayeanguka. Kisha nawapa kanga. Wa kike huwa wanacheka. Nawakumbusha kuwa nao wana wavulana wa darasa la saba wanaowapita urefu, na haya hazina upande mmoja.

Miaka kama minane baada ya BTP nilikuwa Tanga kwa semina, nikaita bodaboda pale stendi. Kijana akageuka, akanitazama, akasema, "Mwalimu wa magunia!" Sikumtambua mpaka aliposhusha kola ya shati na kunionyesha mtulinga wa kushoto, ambao una kinundu kidogo kama punje ya hindi. Akacheka sana. Akasema hakiumi, ila mvua ikikaribia anakijua. Nilitaka kumwambia jambo ambalo nilikuwa nimelikalia miaka yote ile, kuhusu mikono mgongoni na kile kiwiko nilichokiona kikikunja. Yeye alikuwa anataka kujua tu kama bado nafundisha kupinduka.

Nikapanda. Tulipotoka kwenye lami aliongea bila kugeuka. "Nishike kiuno, mwalimu, mbele kuna mashimo."

Nikashika keria ya nyuma.